Saa Saba Kutoka Roma

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja alinisimamisha mbele ya ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani, akanipa uzi na rula. Ofisi yetu ya tiketi za ndege ilikuwa Malindi mjini, na wateja wengi walikuwa Wataliano na jamaa zao. Nikapima Malindi hadi Roma, nikapata kilomita elfu tano na ushei.

"Hizo usimwambie mteja, zitamtisha," akasema meneja. "Mwambie saa saba. Saa za angani tu. Kungoja kiwanjani si safari, ni kukaa."

Niliziuza saa saba hizo kwa miaka. Kisha nikahamishiwa Mombasa, chini ya msimamizi mmoja, mama mkali, aliyenifundisha kazi upya. Yeye alitaka safari ihesabiwe mlango kwa mlango, pamoja na kuunganisha, yaani kushuka ndege moja na kuingoja nyingine.

"Kahindi, mtu akikuuliza atafika lini, mwambie kweli," alizoea kusema. "Huenda kuna anayemngoja."

Niliporudi Malindi nikiwa meneja, sikujua hesabu nyingine ila hiyo, na nilijivunia.

Asubuhi moja akaingia Mzee Athmani, jirani yangu wa Shela. Mkewe alikuwa amefariki alfajiri. Mtoto wao wa pekee, Salim, alikuwa mpishi huko Roma, na habari alikuwa ameshapata.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nambie, kutoka Roma hadi hapa ni saa ngapi?"

Nikamweleza yote: ndege ni ya usiku, ataunganisha Nairobi, kisha apande kindege cha kuja Malindi.

"Atafika kesho adhuhuri, Mungu akijaalia."

Kwetu Vitengeni tungemngoja mtoto hata wiki nzima, maiti akiwa mochari. Kwao Waislamu maiti hawekwi.

"Basi tutamzika leo alasiri," akasema, akanishukuru, akatoka.

Salim alifika kesho yake adhuhuri, kama nilivyosema. Alipotoka makaburini alikuja ofisini, begi lingali begani.

"Kaka Kahindi, ungemwambia baba saa saba, wangeningoja. Alasiri wangesema yu njiani, wasubiri hadi magharibi. Magharibi wangesema hadi asubuhi. Ningeuona uso wa mama."

Nilimwambia keti, akakataa. Inaniuma hadi leo, maana nikirudishwa asubuhi ile sijui ningesema nini.

Sasa nimestaafu, na ramani sijui iliishia wapi. Vijana hugusa simu tu, ikawapa umbali na saa. Binti yangu mwenyewe ameolewa huko huko Roma, na mama yake hawezi tena safari kwa maumivu ya magoti. Jioni huniuliza mtoto yuko mbali kiasi gani.

Mimi humwambia saa saba.