Hatamu Aliyoishona Bashiran

Karam Din aliendesha gari la farasi mjini Kamalia miaka thelathini na moja, na hakuwahi hata siku moja kumfunga farasi kwa kamba za lijamu. Chuma cha lijamu hukata ulimi. Kwa hiyo farasi wake jike, Shabnam, alivaa kichwani, chini ya mikanda ya kuendeshea, hatamu nyingine laini ya pamba, na hiyo ndiyo aliyofungiwa kituoni.

Ubaya wa pamba ni kukatika. Shabnam aliikata mara mbili, na mara ya pili alikutwa sokoni akitafuna figili za watu.

"Karam Din, umefuga farasi au mgeni?" Sadiq, dereva mwenzake, alimtania mbele ya abiria. "Maana akikuchoka anaaga!"

Nyumbani alilisimulia hilo akicheka. Mkewe Bashiran hakucheka. Siku tatu kabla ya Idi alimletea hatamu nyekundu ya nailoni, ameishonea shanga mwenyewe.

"Hii haikatiki, Baba Jamila. Hata tembo atatulia."

Karam Din alijua kwamba hatamu nzuri hukubali kukatika farasi akipatwa na balaa. Lakini aliviona vidole vya mkewe, vimechomwachomwa na sindano. Akamvisha Shabnam.

Mvua zilipoanza, adhuhuri moja alimfungua garini, akamfunga mtini kando ya mfereji, akaenda kuswali. Nyuma yake ukingo ukamomonyoka. Shabnam aliteleza akaning'inia kwa kichwa, na ile nailoni ikashika. Sadiq alipofika mbio na kisu, farasi alikuwa keshakufa.

"Moyo ulisimama," Karam Din alimwambia mkewe. Bashiran alilia, akaiomba hatamu aiweke kama kumbukumbu.

"Nimemzika nayo."

Miezi minane baadaye, arusini, mke wa Sadiq akaropoka jinsi Shabnam alivyokufa. Bashiran alirudi nyumbani na mtandio mkononi.

"Ni ile hatamu yangu?"

Karam Din aliinama kuvua viatu.

"Nakuuliza!"

"Ndiyo."

"Na ulijua hatari yake tangu nilipoileta?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuikataa, we mwanamume? Ningenuna siku mbili, basi!"

Bashiran aligeukia ukutani akalia mpaka sauti ikamkauka.

Karam Din hakununua farasi mwingine. Asubuhi moja alimkuta mkewe akisugua sakafu ya banda tupu. Akachukua ndoo, akawa anammiminia maji.