Njiwa Aliyetazama Bati

Kuku wangu nawapa chanjo ya kideri, tone moja jichoni. Shule sikukaa, lakini wenye vyeti huja kununua mayai kwangu. Shubiri bado nawapondea, kwa mazoea tu, na ule uchungu ukinipanda puani narudi utotoni, jikoni kwa bibi, kule Suji.

Niliokota njiwa mnyonge shambani, nikamfuga. Nikamlaza na kuku wa bibi kando ya mafiga, apate joto. Kesho yake shingo ikampinda, akawa anatazama juu.

"Rafiki yako anahesabu misumari ya bati?" bibi akanitania.

Wiki haikuisha, kuku wakaanza kufa. Tuliwanywesha shubiri, wapi! Akabaki mtetea mmoja, naye shingo ikapinda vilevile. Bibi akamweka karibu na njiwa. Wote wawili wakatazama bati, kama walioitwa na sauti moja.

Bibi akashika kiuno. "Huyu wa porini, huyu wa nyumbani. Hawana ukoo. Amempa nini ambacho mimi sikioni?"

"Bibi, ni mimi niliyemleta."

"Najua. Sasa simama mlangoni. Kuku wa jirani asikanyage humu."

Nikasimama siku ile na zilizofuata, fimbo mkononi, nikizuia kitu nisichokiona.

Kwa jirani hakufa hata kifaranga.