Hoja za Mama Agnetha

Watu wa Didia wanapenda kusema kwamba Nyamizi aliharibiwa na darasa la Mwalimu Donatus. Uongo mtupu! Nyamizi hakuharibiwa na mtu. Alikwenda pale akijua anachokitaka, na alichokitaka ni kimoja tu: abaki kwenye nyumba yake na wanawe, bila kurithiwa na shemeji yake Mageni. Kama huko ndiko kuharibika, basi na tuharibike sote.

Mumewe, Wiliam, alikuwa mchimbaji huko Geita. Miaka na miaka alishinda ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu, akivuta vumbi la mawe mpaka kifua kikagoma. Alirudi Didia mifupa mitupu. Nyamizi akamuuguza, akamlisha uji kwa kijiko, akamzika. Hata udongo wa kaburi haujakaa sawa, Mageni, kaka mkubwa wa marehemu, akaanza kupitapita pale nyumbani. Anachungulia ghala la mpunga. Anatikisa nguzo za uzio kuona kama zimeoza. "Mama Agnetha," anasema, "usiwe na wasiwasi. Mimi nipo." Hiyo "nipo" yake ndiyo iliyomkosesha Nyamizi raha. Mageni alikuwa na wake wawili tayari, na hao wawili ukikutana nao kisimani wanakujibu salamu kwa kichwa, hawafungui mdomo.

Sasa sikiliza ulivyo mtego wenyewe. Katika ukoo ule, ng'ombe wa mahari wakishatoka, mke ni wa ukoo. Mume akifa, wazee wanakaa kikao kuamua nani atamwangalia mjane, na kumwangalia huko kila mtu anaelewa maana yake. Mjane akikataa, hakuna anayemfunga kamba. Njia ni nyeupe, arudi kwao. Ila watoto wanabaki. Ukimuuliza mzee yeyote wa pale atakuambia kwa upole kabisa kwamba hapo hakuna aliyelazimishwa.

Nyamizi aliujua udhaifu wake. Hakuwa msemaji. Sokoni kwenye mchele wake, mteja akimkazia macho kidogo tu, anapunguza bei mwenyewe kabla hajaombwa. Ndipo rafiki yake Loveness, muuza mitumba, akamwambia, "Mwenzangu, pale shuleni kuna mwalimu anafundisha watu kuzungumza mbele za watu na kujenga hoja. Hebu twende. Utakwenda kwenye kikao cha wale wazee na huo mdomo wako wa kuomba radhi?"

Darasa lilifanyika watoto wakishatoka, kwa hiyo watu wazima na vitambi vyao walijibana kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakikaribia kidevu. Mwalimu Donatus alikuwa bwana wa makamo, hajaoa, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Alikuwa na kelele za kuwatosha watu wa minada miwili.

"Dai, sababu, ushahidi!" anapiga ubao. "Mtu akisema nataka, muulize kwa nini. Akikuambia kwa nini, muulize umejuaje. Asipokuwa na jibu, huyo analalamika tu!"

Aliwafundisha kusimama wima, kumtazama msikilizaji machoni, kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Aliwafundisha makosa ya kufikiri, hasa lile la kumshambulia msemaji ukaiacha hoja yake, na darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ndugu wa namna hiyo. Akawaambia pia, na hili Nyamizi alilishika kuliko yote, "Ukiulizwa umeyatoa wapi, taja. Msemaji anayeficha alikoyatoa amejimaliza mwenyewe."

Mara ya kwanza Nyamizi aliposimama mbele, alifika kwenye jina la Wiliam sauti ikakatika, machozi hayo. Mwalimu alimwacha akalia, kisha akamwambia taratibu, "Pole sana, Mama Agnetha. Lakini machozi si hoja. Atakayekuona unalia atakuonea huruma, halafu atafanya lile lile alilotaka tangu mwanzo."

Maneno hayo yalimwingia. Akajikaza kisabuni. Nyumbani akawa anahutubia kuku huku anachambua mchele, na binti yake mkubwa, Agnetha, wa darasa la sita, anacheka mpaka anashika mbavu. "Mama, umesahau sababu ya pili!" Kidogo kidogo ulimi ukafunguka. Walipojadili darasani kama mbuzi wafungwe au waachwe wazurure, Nyamizi alimbana muuza nyama wa pale senta mpaka yule baba akainua mikono na kusema mimi nimekubali, wafungwe, wafungwe hata leo. Nyamizi alirudi nyumbani siku ile anatembea kwa raha, jamani. Tangu msiba hakuwahi kujisikia mtu namna ile.

Siku ya kikao ikafika. Desturi ni kwamba mjane hajisemei. Anakaa chini kwenye mkeka, kajitanda khanga, macho chini, na ndugu yake wa kiume ndiye anayemsemea. Kaka yake Nyamizi alipaswa kutoka Runzewe, akapiga simu asubuhi ile: pampu ya kutoa maji kwenye duara lao imekufa, hawezi kutoka. Mzee Magesa, baba mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kikao, akauliza kama waahirishe. Nyamizi akasimama.

Hapo hapo alishaharibu, ila hakuna aliyemwambia. Alisimama wima barazani mbele ya baba wakwe zake na kuwatazama machoni, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofundishwa. Mzee mmoja aligeuka akatazama ukuta. Mke mmoja wa Mageni aliyekuwa akipita na maji ya kunywa alisimama katikati ya njia na kikombe chake.

"Wazee wangu, shikamooni. Naomba nibaki na wanangu kwenye nyumba yangu, na nisirithiwe na mtu," alisema kwa Kisukuma, ila hesabu ya hoja zake ikamponyoka kwa Kiswahili cha darasani. "Kwanza, shamba nalilima mwenyewe tangu Wiliam alipokwenda machimboni, na hamjawahi kusikia watoto wangu wameomba chakula kwa jirani. Pili, Wiliam mwenyewe kabla ya kufa alisema nyumba ni ya watoto. Mama mkwe alikuwepo, yupo hapa, mwulizeni. Tatu, serikali imekataza mjane kurithiwa bila ridhaa yake."

Mama mkwe, kikongwe aliyekuwa amekaa peke yake mlangoni, akasema, "Alisema."

Nyamizi akavuta pumzi. Moyoni alijua ameongea vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake, na ilikuwa kweli.

Mageni akakohoa. "Mimi sina ubishi. Nina swali dogo tu. Maneno haya umeyatoa wapi?"

Taja, alifundishwa. Akataja. "Kwa Mwalimu Donatus."

"Ahaa. Mwalimu Donatus yule asiye na mke?"

"Anafundisha darasa. Tuko wengi."

"Mnakutana wapi?"

"Shuleni."

"Watoto wakiwepo?"

"Wakishatoka."

Lo! Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilikuwa jembe la kumchimbia. Wazee wakaanza kutazamana. Nyamizi akasema Loveness ni shahidi wake, walikuwa wote. "Loveness yule aliyemkimbia mumewe Ushirombo?" akauliza Mageni, na baraza zima likacheka, hata wale waliokuwa wakimwonea huruma.

"Mnamshambulia msemaji, hoja mmeiacha!" Nyamizi akapaza sauti. Kosa lenyewe alilijua kwa jina, angeweza kulieleza kwa mifano, na halikumsaidia kitu. Mzee Magesa akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nimezika watu wengi. Nimewaona wajane. Mjane halisi hata kusalimu anashindwa. Wewe umesimama umetuhesabia moja, mbili, tatu, kama karani wa pamba. Jicho kavu. Mwanamke aliyefiwa hawezi kuongea hivi mpaka awe na mtu nyuma yake anayempa nguvu. Tukikosea, tuambie."

Awaambie nini? Nyamizi alisimama pale akitafuta pa kutokea. Akikana, atakana vizuri, kwa mpangilio, na kukana vizuri kutakuwa ushahidi kwamba amefundishwa. Akinyamaza, amekubali. Wazo moja la hatari likampitia: Mwalimu aliwafundisha kuichukua hoja ya mpinzani na kuitembeza mpaka mwisho wake. Akisema haya, sawa, nina mwanaume, Mageni hatamtaka tena, ataona aibu. Lakini baada ya hapo wazee watamwambia nenda kwa huyo mwanaume wako. Na Agnetha na wadogo zake watakwenda kulala kwa Mageni usiku ule ule. Kila alikogeukia kulikuwa na mtu amekaa mlangoni.

Alifungua mdomo kuanza hoja ya nne na haikutoka. Kilichotoka ni kilio. Si kile cha kufuta kwa ncha ya khanga. Akaanguka kwenye mkeka aliopaswa kukaa tangu mwanzo, akalia kwa sauti ambayo hata siku ya maziko hakuitoa. Hakuwa akimlilia Wiliam. Wiliam alikuwa amemlilia jikoni, peke yake, wakati wa kumlilia ulipokuwepo. Alilia kwa hasira. Alilia kwa sababu alikuwa na haki na haki yenyewe alikuwa ameipanga vizuri mno.

Wazee wakalegea. Ungewaona! Aliyekuwa anatazama ukuta akageuka. Mzee Magesa akavua kofia. "Haya," akasema, karibu kwa upendo, "sasa tumekuelewa." Wakanong'onezana kidogo, na uamuzi ukatoka: mama huyu bado yuko kwenye majonzi mazito, hawezi kukabidhiwa kwa mtu katika hali hiyo. Abaki na wanawe hapo alipo mpaka mavuno yajayo, kisha watakaa tena. Mageni alikunja uso, ila hakuthubutu kubishana na mjane anayelia.

Walipotoka, mama mkwe alimshika mkono, kama vile ni yeye Nyamizi anayemwongoza bibi. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "uliongea vizuri sana. Usirudie tena."

Nyamizi hakurudi darasani. Mwalimu Donatus alimtuma Loveness kuuliza kulikoni, naye akajibu kwamba kazi zimekuwa nyingi. Sokoni akaanza tena kupunguza bei kabla hajaombwa. Watu wakasema afadhali, Mama Agnetha amerudi kuwa mtu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, aliamka asubuhi akakuta Mageni ameshaingiza ng'ombe na plau kwenye jaruba lake la mpunga, lile la karibu na nyumba, na ameshalima mstari wa kwanza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Agnetha. Hili nalilima mwenyewe mwaka huu. Wewe na majonzi yako utaliweza wapi?"

Hoja zilimjia zote, zimepangana. Jaruba ni la watoto. Wazee walisema abaki kama alivyo, na kubaki ni pamoja na shamba. Aliyelima ndiye atakayevuna, na atakayevuna mwaka huu ndiye atakayesema la kwake mwakani. Zilimkaa kwenye ncha ya ulimi, safi kabisa, na angeweza kumfunga Mageni kwa dakika chache kama alivyomfunga yule muuza nyama. Majirani wawili walikuwa wameshaegemea majembe yao kutazama.

Akainamisha kichwa. Akavuta khanga usoni. Machozi hayakumsumbua hata kidogo kuja, yalikuja haraka kuliko alivyotegemea, na hapo ndipo alipojichukia kweli kweli, kwa sababu sehemu fulani ya kichwa chake ilikuwa inasikiliza kilio chake mwenyewe na kupima kama kinatosha.

Mageni alitazama majirani. Akajikuna kidevu. "Basi, basi, mayu, mama yangu. Nyamaza. Mimi nilitaka kusaidia tu." Akageuza ng'ombe, akatoka jarubani akiwapiga fimbo bila sababu.

Agnetha alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za shule, ameona yote. Alimsubiri mama yake afike karibu.

"Mama, mbona umelia? Si ungemwambia tu?"

Nyamizi alijifuta uso kwa kiganja, akamfunga binti yake kifungo cha shingoni kilichokuwa wazi.

"Nimemwambia," akasema.