Barua Inayofutwa Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, fundi wa kompyuta wa hospitali hufuta barua pepe moja, ile ile, kisha huirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. "Mfufua wafu kaanza kazi!" wenzake humtania. Siku diski ya seva ilipokufa na barua zote za wagonjwa wanaosubiri upasuaji, hakuna aliyetania. Alizirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, vidole vyake vinene vikipapasa ukingo wa meza, mpaka barua ya mwisho iliporudi. Karani wa wagonjwa, aliyeshinda mlangoni roho mkononi, ndipo akathubutu: "Kaka, ile unayoifuta kila siku ni ya nani?"

"Ya baba. Aliniandikia hiyo moja tu. Nikiijaribu akiba kwa barua ambayo kuipoteza hakutaniuma, nitalegea."