Kompyuta ya Shangazi Kwenye Mashine ya Kusaga

Wenzangu mliokulia Koboko enzi zetu, bila shaka mnakumbuka baiskeli ilivyokuwa ikinunuliwa. Hakuna aliyejali rangi wala kengele. Mnunuzi alifunga gunia la mihogo mikavu nyuma, akapanda kilima cha njia ya Dranya, na muuzaji akamfuata kwa miguu huku akiomba Mungu. Sisi watoto tulikimbia nyuma yao, vumbi jekundu hadi kwenye kope, tukisubiri mnyororo ukatike. Na yeyote aliyejitia kuisifu baiskeli aliulizwa kwanza kama amekunywa chai ya muuzaji. Akiwa amekunywa, maneno yake yalipungua uzito, ingawa hakuna aliyemkasirikia.

Hayo ndiyo malezi niliyokuwa nayo shangazi yangu Debora alipotaka kununua kompyuta. Alikuwa mjane, akila kwa taipureta yake pale sokoni: barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule. Taipureta ilikuwa imeanza kuruka herufi, na wateja wakaanza kukimbilia mjini Arua, kwenye kompyuta. Asipopata kompyuta angerudi kwenye jembe, na mgongo wake haukulitaka tena. Akikosea kuchagua, angerudi kwenye jembe vilevile, tena bila akiba. Hata sisi wadogo tulilijua hilo, maana sukari ilikuwa imekwisha kupotea kwenye chai.

Binamu aliyesoma Kampala akatuletea jarida la kompyuta. Nilikuwa darasa la saba na Kiingereza changu kilisifiwa, basi jioni nilikalishwa mkekani, harufu ya maharage na ufuta ikinitia njaa, nikimtafsiria shangazi kwa Kiswahili, lugha ambayo babu alirudi nayo kutoka jeshini. Mwandishi alimwaga sifa: ina kasi, haina kelele, inapendeza mezani. Ukurasa uliofuata mashine ileile ilikuwa kwenye tangazo, picha ni hiyohiyo. Shangazi alizitazama picha mbili kwa muda mrefu.

“Huyu mutu nasifu sana,” alisema. “Lakini yeye najaribu wapi? Umeme yake iko namna gani? Kasoro hapana hata moja? Hata bibi harusi iko na kasoro.”

Nilipekua makala yote. Hapakuwa na vumbi, joto wala jenereta. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza mtu anayeandika anakaa wapi, na anamwandikia nani. Mpaka siku hiyo nilidhani kila kilichochapwa kimeshakaguliwa na serikali.

Basi shangazi akafanya kama wanunuzi wa baiskeli. Alimwomba Lado, mkimbizi kutoka Sudani aliyekuwa na duka la kompyuta Arua, alete mashine ileile ijaribiwe Koboko. Lado, mtu mpole aliyeiamini mali yake, akakubali. Wakati ule umeme wetu ulikuwa wa jenereta, na jenereta kubwa kuliko zote ilikuwa ya mashine ya kusaga unga. Kwetu hilo halikuhitaji mjadala: mzigo mzito, kilima kikali. Kompyuta ikawekwa mezani kando ya magunia, juu ya kitenge safi, na nusu ya soko ikaja kutazama.

Shangazi akaanza kuchapa kadi ya harusi. Msagaji akamimina mahindi, taa zikanywea, skrini ikazimika, kadi ikapotea. Akaiwasha, akaanza upya. Mahindi mengine, giza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka. Mikono yake ilibaki juu ya vibonye.

“Hapana ondoa,” alimwambia Lado, ambaye tayari alikuwa anachomoa waya, jasho na unga vimechanganyika usoni. “Wewe kwa duka yako nafanya namna gani?”

Lado akasema ana boksi la betri linaloshikilia umeme usipungue. Kesho yake akarudi nalo. Mahindi yakamiminwa, taa zikanywea, boksi likalia, na kadi ikabaki pale pale mpaka neno la mwisho. Shangazi akanunua vyote viwili, na kila aliyemuuliza alimweleza yote, la mahindi na la boksi.

“Mama, wewe naharibu biashara yangu,” Lado alilalamika.

“Mutu nasikia mbaya kwanza, ndio naamini mzuri,” shangazi akamjibu. Na ikawa hivyo. Shule na makanisa walimfuata Lado wakitaka mashine kama ya Debora, pamoja na boksi lake.

Kisha akaniamuru niliandikie lile jarida. Tuliwaambia mashine ni nzuri ila haipendi mahindi. Tukakiri, kwa haki, kwamba kipimo chetu nacho kilikuwa kikali, maana nani anachapa barua kwenye mashine ya kusaga? Halafu tukauliza nani aliwapa ya kujaribu, na kama waliirudisha. Jibu halikuja. Hadi leo natamani kujua kama kuna mhariri aliyeisoma, na alidhani mahindi yamefikaje humo.

Vijana wa siku hizi hawaandiki barua. Wana bahati, kila kitu kimeshapimwa na mtu mwingine. Juzi binti yangu alijilaza kwenye kochi hapa Arua, akitafuta laptopu ya chuo, akitazama kwenye simu jamaa anayechana boksi la laptopu mpya taratibu na kushangilia hata plastiki. Jamaa aliishukuru kampuni kwa kumtumia zawadi, kisha akaipa alama nyingi. Binti hakuona ajabu. Shangazi, ambaye sasa ni bibi wa fimbo na alikuwa amekuja kututembelea, alisogeza miwani akatazama mpaka mwisho. Alivutiwa kwelikweli.

“Anasema vizuri,” alisema. “Sasa mashine ikikufa, mutu hii tunakuta yeye wapi?”

Binti yangu akateremsha skrini kwa kidole, akatafuta. Chini palikuwa na mahali pa kubonyeza picha ya kidole gumba, na mahali pa kununua. Akaendelea kuteremsha. Enzi zetu, aliyekusifia kitu kibovu mlikaa naye benchi moja kanisani Jumapili, na ilimbidi akutazame.