Dirisha la Mama Upande wa Barabara

Butembo ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na sisi tulikuwa tunajenga. Asubuhi tuliulizana nani anatawala leo, na kabla jibu halijafika tulikuwa tumeshaulizana kama saruji imevuka mpaka wa Kasindi. Mimi niliuza vitenge. Nilikuwa na nyumba juu ya kilima, kuta zimesimama, mabati yamepigwa, na mahali pa madirisha palikuwa na mashimo manane ya kupitisha ukungu. Mashimo hayo yalinikosesha usingizi kwa furaha.

Kwa maana nilikuwa na katalogi! Nilitoka nayo Dubai, nimeikumbatia kifuani njia nzima. Humo mlikuwa na madirisha ya kuteleza, ya kufunguka kwa nje, ya kufunguka kwa ndani, ya kuinamisha kichwa kidogo tu, na yale yasiyofunguka kabisa. Halafu vioo: cheupe, cha ukungu kwa ajili ya bafu, cha rangi ya chai, cha kijani, na kile cha buluu ambacho aliye ndani anaona nje, lakini aliye nje anajiona mwenyewe. Na vyote viwili viwili, vimefungwa katika fremu moja na hewa katikati, ili baridi ibaki nje na kelele pia. Kurasa zile nilizijua kuliko katekisimu. Nilimsomea mke wangu akitwanga majani ya sombe.

"Baba, mama yako umutilie dirisha ya kufunguka," alisema.

"Ya kufunguka, babandi batapitia pale kuiba."

"Babandi ba siku izi biko na bunduki. Batapita ku mulango."

Nilijifanya sikusikia. Nilikuwa nimeshachagua.

Mama yangu ndiye aliyekuwa moyoni mwangu katika haya yote. Alikuwa ametoka Vuhovi baada ya wenye silaha kupita kijijini, akatufikia katika nyumba ya mbao tuliyopanga, na kuku mmoja na kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Kifurushi hakukifungua. "Niko napita tu," alisema kila nilipomuuliza. Kule Vuhovi majirani zake walikuwa bado wanalala porini, na nilijua siku atakayobeba kifurushi kile naweza nisimwone tena. Niliogopa, nasema wazi. Kwa hiyo chumba chake kilipaswa kumshika: upande wa barabara, chenye joto, na dirisha pana kuliko yote, la kioo cha buluu, lisilofunguka.

Lori lililobeba madirisha lilizuiwa kwenye kizuizi Beni. Nilipanda pikapu mbio. Askari mmoja aliyetoka mkoa wa mbali alitaka kujua ni silaha gani zimefichwa katika masanduku makubwa namna ile. Tukafungua moja. Akasimama mbele ya kioo, akainua bereti, akageuka ubavu, akashika mashavu yake.

"Kumbe nimekonda hivi!" alisema. "Tangu nilitoka kwetu, hapana kujiona muzima."

Akawaita wenzake, wakajipanga mmoja mmoja, bunduki zimeegemezwa ukutani, kila mtu akajitazama mpaka akatosheka. Mmoja aliniomba kitana. Tuliruhusiwa kupita huku wakitupungia mikono, na mimi nilicheka peke yangu kwenye pikapu mpaka dereva akaniuliza kama niko sawa. Ningekuwa na akili, pale pale ningeelewa kitakachonipata.

Tulihamia. Ee, jamani, nyumba iling'aa! Mawingu yalipita juu ya ukuta wangu. Ndani palikuwa na joto na utulivu, hata kikohozi cha mama kikapungua. Nilimwekea kiti dirishani nikaenda sokoni kujisifu, na nilijisifu siku tatu bila kupumzika.

Siku ya nne nilirudi mchana, nikamkuta kuku amefungwa mguu na kifurushi kiko juu ya kitanda.

"Bantu ba hapa hapana na heshima," mama alisema. "Nabasalimia asubuhi mpaka jioni. Banakuya karibu, bananiangalia mu macho, banachokonoa meno, banakwenda. Hata mumoja hapana kuitika!"

Kabla sijajibu, mama mmoja aliyebeba kikapu cha sombe alikaribia kioo, akatukazia macho, akafungua kilemba, akakifunga upya, akatoa ulimi kuuchunguza, akaondoka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama hakucheka. Nyumba yake ya Vuhovi ilikuwa kando ya njia ya mashamba, na hapakupita mtu asiyesalimiwa na kuitika. Asiyeitika alikuwa habari ya wiki nzima. Sasa mji mzima ulikuwa umempita bila neno.

Nilimshika mkono nikamtoa nje ili aelewe. Alisimama barabarani, akaliangalia dirisha lake. Akajiona yeye, akaniona mimi, akaona kilima nyuma yetu. Akasogea, akabandika uso kwenye kioo, viganja pembeni ya macho.

"Kiti yangu iko wapi?"

"Iko mule ndani, mama. Mutu wa inje hapana kuiona."

"Na miye?"

"Hata weye, mama."

"Na sauti yangu?"

"Hapana kutoka, mama. Vioo ni mbili."

Alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani kuchukua kifurushi chake. Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile, hata siku za risasi. Nilimkuta seremala wa jirani anakula, nikamvuta na nyundo yake na dirisha la mbao alilokuwa amemtengenezea mtu mwingine. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amemzuia mama kwa maneno matamu. Aliponiona na lile dirisha la mbao aliinua nyusi, na hilo lilikuwa adhabu yangu.

Tuling'oa dirisha la buluu. Lile la mbao halikutosha vizuri, lilikaa upande kama kofia ya mlevi, lakini lilifunguka. Ukungu ukaingia, na kelele, na moshi wa jirani. Mama aliweka kifurushi chini. Akatoa kichwa nje.

"Wavukire!" akatoa salamu ya asubuhi kwa kelele, ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani.

Mwanamume aliyesukuma baiskeli yenye mihogo alisimama, akaitika, akauliza habari za nyumbani. Walizungumza mpaka nikachoka kusimama.

Kioo cha buluu nilitaka kukifungia stoo. Mama alikataa. Aliamuru seremala akifunge ukutani nje, chini ya dirisha lake. Tangu hapo kila aliyesimama kujitengeneza kilemba alisikia salamu juu ya kichwa chake, akaruka kwa hofu, na hakuachiwa kabla ya kusema ametoka wapi na kama mama yake hajambo. Mama alicheka kuliko sisi sote.

Jioni ya siku ile tuliyong'oa dirisha nilipita chumbani kwake. Kuku alikuwa anatembea huru. Mama alikuwa bado dirishani, na kwa kuwa ubao ulikuwa mgumu, alikuwa amekunja kitenge akakiweka chini ya viwiko vyake. Kilikuwa kitenge cha kifurushi.