Mimi Niliwaingiza, Yeye Akawahitimisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba, nikaripoti kwa Mkuu wa Chuo asubuhi na mapema, Mbinga yote ikiwa bado ndani ya ukungu. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mkufunzi wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi kilichofunguliwa karibuni. Mfukoni nilikuwa na testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha kama waya una moto, maana nilidhani nitaanza kufundisha siku hiyohiyo. Mkuu akanipeleka darasani. Viti vilikuwa vipya, vimepangwa vizuri, na hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Mwalimu Kapinga," alisema, "wewe ni mtoto wa hapa. Wanafunzi wako makwao. Kawalete."

Hivyo nikaingia katika kazi ya udahili, yaani kutafuta wanafunzi na kuwaandikisha. Haikuwamo katika barua yangu ya ajira, lakini niliifanya mpaka nikastaafu. Ninyi vijana mnaoomba chuo kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani hamtaelewa. Mimi nilipewa pikipiki iliyokohoa kila penye mlima, na kwetu hapa pasipo na mlima ni padogo. Nilikwenda Namswea, nikaenda Ruanda, kijiji cha huku huku kwetu, nikateremka mpaka Ngumbo ziwani.

Wenzangu waliotoka mikoa mingine walianzia ofisi ya kata, wakaitisha mkutano, wakawasomea watu kipeperushi. Walirudi na kipeperushi chao. Mimi nilikwenda jioni kwenye sengu, pale ambapo kwetu Wamatengo wanaume wa ukoo hula pamoja na kusema mambo yao. Nilikula ugali, nikasikiliza habari za mashamba na kahawa, na chuo sikukitaja mpaka tuliponawa mikono. Ukitaja shida yako watu wakiwa bado wanatafuna, wazee wanakuona hukuja kula nao. Ziwani nilibadili mtindo, nikawa nasaidia kutandaza usipa, dagaa wa huko, juani hadi wenyeji wenyewe waniulize nimefuata nini.

Ndivyo nilivyompata Emerensiana wa Ngumbo, msichana wa kwanza kusomea umeme chuoni kwetu. Baba yake, mvuvi, alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia.

"Umeme wenyewe huku haujafika, mwalimu," aliniambia. "Sasa anakwenda kujifunza nini? Kushika nguzo?"

"Utafika, mzee. Ukifika utataka fundi wa kwenu au wa kuletwa?"

Nilirudi kwake mara tatu kabla hajakubali. Binti alikuwa na mkono mtulivu na akili ya kuuliza. Mchoro wa nyaya, ile ramani inayoonyesha waya gani unatoka wapi kwenda taa gani, aliusoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Nilijiambia kwamba siku ya mahafali yake, hata kama sitatajwa kwa lolote lingine maishani, kwa huyu nitatajwa. Hiyo ndiyo tamaa niliyokuwa nayo katika kazi yote, na sioni haya kuisema.

Mkuu wa Chuo wa pili alitoka Kanda ya Ziwa. Kikao chake cha kwanza hakuuliza wameingia wangapi. Aliuliza wamehitimu wangapi, na sisi wakufunzi tukawahesabu kwa vidole. Umeme wa vijijini ulikuwa unakuja, huko Ruanda makaa ya mawe yalikuwa yanachimbwa, na wakandarasi walitaka mafundi wenye vyeti. Kwa kuwa hawakuwapata kwetu, waliwaleta kutoka mbali, na watoto wetu wakapewa sululu wachimbe mashimo ya nguzo. Mwanafunzi wangu mmoja aliyeacha chuo nilimkuta shimoni, akaniamkia kutoka humo humo.

Tatizo lilijulikana. Januari darasa lilijaa, lakini kahawa ilipoiva vijana walirudi nyumbani kuchuma, na kahawa ikiiva kwetu hata kwaya ya parokia hukosa sauti ya nne. Watoto wa ziwani nao walifuata usipa. Utoro ukizidi wiki tatu, jina lilifutwa. Mimi nilisema watarudi. Kazi yangu ilikuwa kuwaleta. Miguu ya kurudi walikuwa nayo wenyewe.

Hapo akahamishiwa kwetu Mwalimu Zuhura, mkufunzi wa ufundi mitambo, mtu wa Lindi, mdogo kwangu kwa umri. Hakujua kahawa inachumwa lini, na baridi yetu ilimfanya avae makoti mawili. Kila asubuhi aliniambia, "Shikamoo, kaka," kwa heshima kiasi kwamba hata kumchukia ilikuwa kazi. Msimu wake wa kwanza darasa lake nalo likabaki viti vitupu. Nilifurahi, jamani. Nilimpa pole kwa mdomo, moyoni nikacheka.

Msimu uliofuata alisimama kikaoni.

"Mimi ni mgeni, mnisamehe," alisema. "Hawa watoto lazima waende nyumbani wakati wa kahawa, na sisi tuna miezi ya mafunzo kwa vitendo. Kwa nini tusiiweke hapo hapo? Waende, lakini waende kazini. Mashine za kumenyea kahawa zinaharibika kila kijiji. Wachume asubuhi, watengeneze mashine mchana, nami nitawafuata huko huko niwapime."

Mkuu alipiga meza kwa furaha. Mimi nilitamani kuipindua meza hiyo. Nimezaliwa chini ya mibuni. Nimechuma kahawa kabla sijajua kuandika jina langu. Jambo hilo lilikuwa miguuni pangu miaka yote, akaja mtu aliyezoea minazi akaliokota. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu, ila hawasemi mwenyeji anaumwa kiasi gani wakati anaponywa.

Wanafunzi wake walirudi. Na mbaya zaidi, kule vijijini alipokelewa vizuri kwa sababu wazee walidhani nimemtuma mimi.

Kisha Emerensiana akaondoka. Mama yake aliugua wakati usipa umejaa, binti akarudi Ngumbo kuanika badala yake. Wiki ya kwanza nilingoja, ya pili nikangoja. Wiki ya tatu Zuhura alipanda pikipiki yake akateremka ziwani kumfuata mwanafunzi wangu, wa idara yangu, niliyemtafuta mimi. Aliporudi, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Kaka, yule binti anaunda taa za betri za kuvulia usipa. Boti za pale zinavua kwa taa zake. Hayo ni mafunzo kwa vitendo, lakini mimi ni mtu wa mitambo, siruhusiwi kumpima. Nenda wewe."

"Nani alikutuma kwake?"

"Hakuna. Nilisikia jina lake linakaribia kufutwa."

Nilikwenda. Nasema kweli, nilikagua zile taa nikitafuta kosa, kila kiungo, kila fyuzi, ili niseme kwamba aliyeziona kabla yangu hajui umeme. Kosa sikuliona. Nilimpa alama zake zote, naye akarudi chuoni mama yake alipopona.

Kikaoni Mkuu alimsifu Zuhura mbele yetu sote. "Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea," alisema, akinitazama mimi. Aliyesema maneno hayo, nadhani, hakuwahi kuzaa.

Siku ya mahafali Emerensiana alisoma risala ya wahitimu. Nilikuwa nimevaa tai. Alimshukuru Mungu, wazazi, Mkuu wa Chuo, halafu akasema, "na Mwalimu Zuhura, aliyenifuata hadi ufukweni." Watu walipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikauma, maana nilijua mke wangu ananitazama.

Zuhura akawa Makamu Mkuu, kisha Mkuu wa Chuo. Ndiye aliyesaini barua yangu ya kustaafu, na kwenye sherehe ya kuniaga alinipa redio na blanketi. Blanketi ni zuri. Redio sijaiwasha.

Sasa nipo kwenye mibuni yangu, na nawaambia ninyi mnaoanza kazi: chuo kina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na wapiga picha husimama kwenye huu wa pili. Ukikabidhiwa wa kwanza, ufanye vizuri, lakini mara moja moja zunguka nyuma ukaone wanatokaje. Mimi sikuzunguka. Hata hivyo, nikifika Ngumbo nikaona nyumba inawaka taa usiku, najua nani alikaa pale akila ugali mpaka baba mtu akalegea.

Wiki iliyopita Emerensiana alikuja hapa kwangu. Siku hizi ni mkufunzi, anakalia meza yangu ya zamani. Alipiga magoti akaniamkia, akapewa ndizi, akala. Mimi sikumuuliza kitu. Aliponawa mikono ndipo akasema.

"Mwalimu, viti vya umeme mwaka huu havijajaa. Tunatangaza redioni, tunatuma ujumbe, watoto wa ziwani hawaji. Jana kwenye kikao Mkuu amesema nije kwako."

"Zuhura?"

"Ndiyo. Amesema, 'Nendeni kwa Mwalimu Kapinga. Mimi niliwafuata watoto kwenye nyumba alizozifungua yeye. Bila yeye nisingekuwa na wa kumfuata.'"

Nilimsogelea.

"Alisema hivyo mkiwa wawili?"

"Hapana, mwalimu. Mbele ya kikao chote."

Nikamwambia angoje. Nikamwita mke wangu atoke jikoni, nikamsogezea kigoda akae, kisha nikamwomba Emerensiana ayaseme tena yale maneno, polepole, kuanzia pale penye jina langu.